Shefu wa Labo na Matundu Yasiyoonekana

Asubuhi hiyo nilimrudishia Maman ufunguo wa chumba chake kule mtaa wa Mbunya, mjini Bunia, nikatoka na mfuko mmoja mgongoni bila kujua ninakwenda wapi. Maman ni mwenye nyumba wangu, kila ninapokuwa na nyumba. Alikuwa anafagia ua. Aliniuliza ninaelekea upande gani, nikamjibu kwamba nitajua nikifika kwenye njia panda. Hakushangaa. Amenipangisha mara nyingi, na kila mara nimeondoka hivyo hivyo, kama mtu aliyekumbuka sufuria motoni.

Kwenye njia panda kulikuwa na pikipiki iliyobeba matenga matupu ya samaki, inarudi Tchomia. Dereva alihitaji mtu wa kukaa nyuma na kuyakumbatia matenga yasidondoke. Nikawa mtu huyo. Yalikuwa yananuka moshi na magamba, na kwa kuwa yalinifika usoni, barabara yote niliiona kupitia matundu ya matenga: kipande cha kilima, kipande cha ng'ombe, kipande cha askari kwenye kizuizi. Kabla hatujafika Bogoro nilikuwa nimekwisha kuanza kumfikiria Shefu wa Labo, na sikuacha.

Mjini Bunia kila mtu alimwita Shefu wa Labo, yaani mkuu wa maabara. Labo yenyewe ilikuwa chumba kimoja mwisho wa korido ya chuo fulani, na hakukuwa na mfanyakazi mwingine ndani yake. Kwa hiyo alikuwa shefu wa meza, shefu wa mikroskopi moja yenye kioo kilichopasuka, na shefu wa nafsi yake, ambayo haikumtii vizuri. Alikuwa mrefu. Kazi yake ilikuwa kupima matundu madogo kuliko unywele, lakini milango ilimshinda. Alijigonga kila mlango wa mji ule, na baada ya kujigonga aliuangalia mlango kwa huzuni, kana kwamba ndio uliokosea hesabu.

Chumba kile kilikuwa maisha yake, na Direkta wa chuo alikitaka. Chuo kilikuwa kimenunua viti vya plastiki vya kukodisha kwa harusi na misiba, na viti havikuwa na mahali pa kukaa. Direkta hakuwa mtu mbaya. Alimwambia Shefu waziwazi kwamba siku atakapoleta mbele ya komite kitu kimoja kilichopimwa, chenye jibu moja linaloeleweka, chumba kitabaki chake. Asipoleta, viti vitaingia. Tangu siku hiyo Shefu hakuweza kupita karibu na kiti cha plastiki bila kukiangalia kwa jicho baya. Kwenye misiba alisimama.

Mimi niliacha shule mapema, kwa hiyo nitaeleza kazi yake kama alivyonieleza mimi, na kama kuna makosa ni yangu. Mtu akiungua vibaya, ngozi inakosa mahali pa kupandia. Chembe za ngozi ni kama mafundi wa kujenga. Huwezi kumwambia fundi ajenge ghorofa huku akielea hewani. Unamfungia miti ya mikaratusi, anapanda, anajenga, kisha miti inaondolewa. Shefu alikuwa anatengeneza hiyo miti, ila ya nyuzi, na ndogo sana. Akiiweka yote pamoja, inakuwa kipande cha utando mweupe kama pamba iliyokanyagwa.

Swali lake lilikuwa moja tu: nafasi kati ya uzi na uzi ni kubwa kiasi gani? Ikiwa ndogo mno, chembe zinabaki mlangoni kama wageni wasioalikwa. Ikiwa kubwa mno, zinaingia na kupotea, hazina ukuta wa kushika. Watu wengine hutengeneza kitu wasijue matundu yake, alisema, na hao aliwaita wapishi.

Malighafi ilitoka Tchomia: magamba na ngozi za sangara, ambazo wanawake wa kule walimpa kwa furaha, wakidhani ana nguruwe. Alizichemsha uani kwa Maman mpaka zikawa gundi. Kisha alipindua baiskeli miguu juu, akafunga kwenye gurudumu kopo lililotobolewa kwa sindano, akamimina gundi ya moto, na mtu mmoja akazungusha pedali kwa nguvu zote. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilipanga kwa Maman chumba kando ya chake, na nilikuwa na tabia ya kuuliza maswali, kwa hiyo alinipa pedali ili nipungukiwe pumzi ya kuuliza. Gundi ilitoka kwenye kopo ikawa nyuzi hewani, nyuzi zikashika ndani ya pipa lililokatwa kuzunguka gurudumu, na baadaye alibandua tando kwa kisu, polepole. Mwisho alizipeleka kwenye tanuri la kubanikia samaki, kwa sababu moshi huzifanya ngumu zisiyeyuke kwenye maji.

Sasa fikiria mtu anayetembea Bunia nzima na mfuko wa vitu vilivyotengenezwa kwa samaki na kubanikwa kama samaki. Paka walimjua. Walimngoja nje ya chuo, nje ya kanisa, nje ya choo. Aliwaheshimu kupita kiasi. Aliwaambia samahani, aliwaambia tafadhali, aliwaeleza kwamba kile si chakula. Paka mmoja wa jirani alikula kazi ya msimu mzima wa mvua. Shefu hakumpiga. Alikaa naye siku nzima, akimwangalia, nikamwuliza anangoja nini. Akasema anataka kujua kama itapita salama.

Njia zake za kupima zilikuwa tatu, na nilizipenda zote.

Ya kwanza ilikuwa macho. Aliweka kipande chini ya mikroskopi, akafumba jicho moja, na kuchora alichokiona juu ya kioo cha dirisha. Dirisha la labo lilikuwa limejaa michoro ya nyuzi zilizopishana, na wanafunzi wapya walidhani limepasuka.

Ya pili ilikuwa mizani. Alipima utando ukiwa mkavu, kisha akaulowesha kwa pombe kali, akapima tena. Uzito uliozidi ni wa pombe iliyoingia kwenye nafasi, kwa hiyo ukijua pombe unajua nafasi. Maji hayakufaa kwa sababu yanazivimbisha nyuzi. Lakini chuo hakikuwa na mizani inayohisi kitu chepesi hivyo, na Bunia ni watu wa aina moja tu wanaohitaji mizani ya namna hiyo. Basi tulikwenda kwa mnunuzi wa dhahabu. Tulipanga foleni pamoja na wachimbaji waliotoka machimbo ya Kilo, wenye udongo mpaka kwenye nyusi. Wao walifungua vikaratasi vyao, Shefu akafungua chake. Mchimbaji mmoja alinyoosha shingo, akaona kitu kama taka ya pamba, akamwuliza anapima nini.

“Niko napima pahali hakuna kitu,” alisema Shefu.

Mchimbaji alifikiri kidogo. “Na ile pahali iko na bei gani?”

“Haijajulikana.”

“Basi usiuze leo,” yule mchimbaji akamshauri, kwa wema kabisa. “Ngoja.”

Ya tatu ilikuwa hewa, na hiyo ndiyo aliyoipenda. Aliubana utando kati ya vifuniko viwili vya chupa vilivyotobolewa, akaulowesha kwa pombe, akaunganisha pampu ya baiskeli chini yake na mpira mwembamba wa hospitali uliokunjwa kama herufi U na kujazwa maji ya rangi. Nilipiga pampu polepole. Pombe inaziba matundu yote, hewa inasukuma, na tundu kubwa kuliko yote ndilo linalokubali kwanza. Hapo linatoka povu moja, na Shefu anasoma maji yamepanda kiasi gani kwenye mpira. Yakipanda kidogo, tundu ni kubwa. Yakipanda sana, tundu ni dogo. Kabla ya povu la kwanza alishika pumzi, nami nikashika, na chumba kizima kikawa kama kanisa wakati wa kutaja jina la bibi harusi.

“Kwanza tuulize hewa,” alikuwa akisema, na hakusema hivyo labo peke yake. Mtu akimwuliza kama mvua itanyesha, tuulize hewa. Mtu akigombana na mke wake, tuulize hewa. Maman alipomwuliza lini atamaliza kuchemsha magamba kwenye sufuria yake ya harage, alisema hivyo hivyo, na Maman akamjibu kwamba hewa ndiyo inayolalamika.

Tatizo lilikuwa kwamba njia tatu hazikupatana hata siku moja. Macho yalisema matundu ni makubwa. Hewa ilisema ni madogo. Mizani ilisema nafasi ni nyingi sana lakini haikusema imegawanywa vipi. Nilimwambia achague moja anyamaze. Alinishika bega, akanipeleka dirishani, akanionyesha barabara.

Lori likitoka hapa kwenda Tchomia, alisema, mtu aliyesimama hapa anaona barabara pana. Hayo ndiyo macho, yanaona mlango tu. Lakini lori lenyewe litajua upana wa daraja jembamba kuliko yote njiani, kwa sababu hapo ndipo litakapokwama. Hiyo ndiyo hewa. Na mtu akija akimwaga maji mpaka barabara yote ijae, atajua barabara nzima ina nafasi kiasi gani, lakini hatajua daraja liko wapi. Hiyo ndiyo mizani. Hakuna anayedanganya. Kila mmoja ameulizwa swali lake.

Nilimwambia amweleze Direkta hivyo. Alisema amekwisha kumweleza, na Direkta alimwuliza lori lilikuwa la nani.

Watu walimwelewa vibaya kwa namna ambazo hakuzifikiria. Hakunywa pombe maisha yake yote, hata ya ndizi, lakini alinunua pombe kali kwa chupa nyingi kuliko mlevi yeyote wa Mbunya, na akatembea akinuka pombe na samaki. Pasta alikuja kumwona. Alikaa kwenye kitanda, akakohoa, akasema kwa sauti ya chini kwamba watu wanasema pombe imemkamata.

“Hapana, pasta,” alisema Shefu. “Ni miye njo nimeikamata.” Akamwonyesha kipande kilicholowa, akamweleza jinsi pombe inavyokaa kwenye matundu na kushindwa kutoka. Alieleza kwa muda mrefu. Pasta aliomba kwa ajili yake, kisha, nadhani kwa sababu ya usalama, akaomba kwa ajili ya kile kipande pia.

Sokoni alinunua mkate kwa kuuvunja na kuangalia matundu ya ndani, na kama hayakulingana aliomba mwingine. Mama muuza mikate alimvumilia wiki kadhaa. Siku moja alimwona ameinua kipande kwenye jua, jicho moja limefungwa, akamwuliza, “Papa, hii mukate unataka kuikula ao unataka kuioa?” Soko zima likacheka, naye akacheka, kisha akaendelea kuangalia.

Harusini ilikuwa mbaya zaidi. Tulialikwa kwenye ndoa ya binamu wa Maman, na bibi harusi alipita karibu naye na shela lake. Shefu, bila kufikiri, akashika pindo, akaliinua kwenye mwanga. Msafara ukasimama. Shangazi wa bibi harusi aligeuka akamwambia kwamba kama kuna tundu aseme sasa, padri hajafika. Shefu alijibu kwamba matundu yapo mengi sana, na yanalingana vizuri ajabu. Ilibidi nimwondoe kwa mkono. Aliniambia njiani kwamba hajawahi kuona kazi nzuri kama ile, na kwamba yule binti ana bahati.

Na bado mtu huyo wa vipimo hakupima kitu kingine chochote. Alipika wali kwa kukisia, na wali wake ulikuwa uji au mchanga. Hakujua umri wa suruali zake, ambazo nazo zilikuwa na matundu, na Maman alipotaka kuzishona alimkatalia kwa sababu alikuwa anafuatilia yanavyokua.

Siku ya komite ilipokaribia, alichagua tando zake bora. Zilikuwa zimetoka kwenye moshi karibuni, na aliogopa wajumbe watakataa harufu kabla hawajasikiliza. Kwa hiyo alizisuuza vizuri, akatafuta mahali pa kuzianika ambapo paka hawafiki. Pale chuoni walikuwa wanafika kila mahali. Akazianika kwenye kamba ya Maman, juu, katikati ya mashuka, akafurahi kana kwamba ameshinda vita.

Mtu wa mbali hawezi kujua maana ya kamba ya nguo kwetu. Kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi. Ukivaa nguo hiyo bila kuipiga pasi, yai linaanguliwa, kifunza kinaingia kwenye ngozi yako, na wiki ijayo una jipu linalotembea. Kwa hiyo kila kinachotoka kwenye kamba hupigwa pasi ya makaa: shati, shuka, soksi, chupi, nepi, kitambaa cha kufutia meza. Hakuna anayeuliza. Ni kama kunawa mikono. Shefu alikulia mumo humo, alivaa nguo zilizopigwa pasi kila siku ya maisha yake, na bado hakuwaza. Alidhani alichoanika ni sayansi. Maman aliona vitambaa.

Alivianua, akavikunja mara nne kama leso, akavipiga pasi vizuri, akavifunga kwenye kitambaa safi, akaviweka mlangoni kwa Shefu. Asubuhi Shefu alichukua fungu lile bila kulifungua, ili paka wasinuse, akalikumbatia mpaka chuoni. Mimi nilibeba pampu.

Wajumbe walikuwa wamekaa kwenye viti vipya vya plastiki. Direkta alikuwa mbele, na suti ya rangi ya maziwa. Shefu aliwasalimia, akaeleza kuhusu mafundi na miti ya mikaratusi, akaeleza vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia, mpaka mzee mmoja wa komite akasogeza kiti mbele. Kisha akafungua kitambaa.

Tando zilikuwa zinang'aa. Zilikuwa nyembamba kama karatasi ya barua, na zilikuwa na mistari miwili iliyonyooka iliyopishana katikati, ile ambayo Maman huipenda kwenye leso. Shefu aliziangalia. Mimi nikamwangalia Shefu. Alikuwa na uso wa mtu aliyefika nyumbani akakuta ukuta pale palipokuwa na mlango.

Angeweza kusema anaumwa. Angeweza kuomba siku nyingine. Alichukua moja, akaibana kati ya vifuniko, akailowesha, akaniambia taratibu, “Tuulize hewa.”

Nilipiga pampu. Maji yalipanda kwenye mpira, hakuna povu. Nikapiga tena. Yakapanda zaidi, hakuna povu. Wajumbe waliinama. Aliniambia niendelee, nami nikaendelea, na maji yakafika juu kabisa ya mpira, yakasita, kisha yakatoka yote kwa pamoja. Yalikuwa maji mekundu. Direkta alikuwa karibu kuliko wengine.

Palikuwa na watu wanaojitahidi kukohoa badala ya kucheka. Direkta alijifuta kidevu. Nimesema hakuwa mtu mbaya. Alitaka jambo liishe, na nadhani alimhurumia. “Shefu,” alisema, “sema tu namba moja. Siye tutaandika, na chumba itabaki yako.”

Namba alizijua. Alikuwa nazo kichwani, za tando zile zile kabla hazijapigwa pasi. Nilimwona anazipitia. Nilimwomba kwa macho aseme yoyote, hata namba ya simu.

“Direkta,” alisema, “leo tundu haiko. Siwezi kupima tundu yenye haiko.”

Viti viliingia wiki hiyo hiyo. Wanafunzi walivipanga kimoja juu ya kingine mpaka darini, na michoro ya dirishani ikafichwa nyuma yake. Shefu alisimama koridoni akiangalia. Alichukua baiskeli, pampu, mpira wa hospitali na zile tando zilizoharibika. Mikroskopi ilikuwa ya chuo.

Maman alipoambiwa alichofanya hakuomba msamaha, na sidhani kama ilimpasa. Alisema kitu chochote kinachoanikwa kwenye kamba yake kinapigwa pasi, hata kanzu ya askofu. Kisha akamwuliza Shefu, “Weye ulitaka kuweka mayai ya inzi juu ya kidonda ya mutu?” Lakini siku ile Maman alichinja kuku, na katika nyumba ile kuku hachinjwi bila sikukuu. Shefu alikula, akashukuru, na hakuna aliyetaja pasi. Baada ya siku chache aliondoka. Wengine walisema amekwenda Uganda, wengine wakasema yuko Aru anauza vocha za simu. Hilo la vocha lilinikera sana, sijui kwa nini.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiwaza nyuma ya matenga mpaka ziwa likaonekana chini yetu, tukashuka, tukapita Kasenyi, tukafika Tchomia mchana umeinama. Sikuwahi kufika huko kabla. Wafanyabiashara walikuwa wamejaa kusubiri samaki, na kila nyumba ya wageni ilikuwa na watu mpaka barazani. Nilimwuliza mama mmoja aliyekuwa anageuza samaki juu ya moshi kama anajua mahali pa kulala. Alisema hakuna, labda kwa yule papa wa pampu, yeye ana chumba, lakini hapokei watu, anapokea mbuzi.

Nilikwenda. Ilikuwa nyumba ndogo ya udongo nyuma ya matanuri. Mlangoni alisimama mbuzi mwenye bandeji mbavuni, na ndani mtu mrefu alikuwa amepiga magoti mbele ya kitanda, akipuliza kitu polepole.

Hakushangaa kuniona. Alisema nimefika vizuri, nishike pampu hapa. Na nilipokuwa nimeishika alinieleza yote kwa pamoja. Siku aliyoondoka Bunia alipumzika Bogoro, akiwa na hasira, akautumbukiza utando mmoja uliopigwa pasi kwenye chupa ya pombe ili autupe pamoja na chupa. Utando ukanywa. Ulikunywa sana. Hewa ilikuwa imesema hakuna njia, na ilikuwa kweli, lakini ndani palikuwa bado na nafasi. Pasi ilikuwa imefunga uso mmoja tu. Upande wa chini nyuzi zilikuwa wazi, na upande wa juu umefungwa kama dirisha. Na ngozi ya mtu, alisema, si iko hivyo hivyo? Juu imefunga ili maji ya mwili yasitoke, chini iko wazi ili chembe zipite. Alikuwa amecheka peke yake barabarani mpaka askari wa kizuizi wakampekua.

Mbuzi alikuwa wa wale akina mama wa matanuri, aliangukia tanuri akaungua. Shefu alimwekea utando wa kwanza, mbuzi akaula. Alimwekea wa pili akamfunga shingo, na mbuzi mwingine akaja akaula. Wa tatu ulikuwa umekaa. Alinionyesha kwa uangalifu: pembeni mwa kidonda ngozi ilikuwa imeanza kufunga, na nywele changa zilionekana. Nilisema amefaulu. Alikataa. Huenda mbuzi angepona tu, alisema, mbuzi ni wabishi. Asingesema utando umemponya mpaka awe na mbuzi wengi, na hao hawakuwa tayari kujichoma.

Direkta alikuwa amesikia habari za mbuzi na pasi. Alimtumia ujumbe kwa dereva wa lori: viti vimeanza kuvunjika, chumba kinaweza kurudi, alete kile kilichopigwa pasi, lakini safari hii alete na namba yake. Ndiyo maana kitanda kilikuwa vile. Juu ya godoro, kutoka kichwani mpaka miguuni, zilikuwa zimelazwa tando, kila moja imepigwa pasi kwa joto tofauti, zinangoja kukauka bila kuguswa. Hakuna sehemu nyingine ya nyumba ile ambayo mbuzi hakuifikia. Yeye mwenyewe alilala sakafuni kando ya mgonjwa. Kama tando zile zingejikunja au kupata vumbi, ilikuwa kurudi kuomba magamba upya, na lori lilikuwa linaondoka kesho kutwa.

Nilimwambia natafuta mahali pa kulala, lakini nimeona palivyo, nitakwenda barazani kwa wafanyabiashara.

Aliangalia kitanda. Aliniangalia mimi, urefu wangu, kisha upana. Aliinama, akaanza kuinua tando moja baada ya nyingine kwa vidole viwili, akazisogeza zote upande wa ukuta, zikagusana kingo. Mbili zilikosa nafasi. Alizishika hewani kwa muda, akitafuta, kisha akazilaza juu ya kofia yake, na kofia akaiweka juu ya mto wake kule sakafuni. Nusu ya godoro ikabaki tupu, nyembamba kama benchi la kanisa. Aliipangusa kwa kiganja.

“Hapa njo yako,” alisema. “Lala na ubavu, ziache mugongoni. Na pumua kwa pua tu, muelekeo ya mulango.”

Niliweka mfuko wangu chini.